Marudio au Mapya? Namna ya Kupima Kitabu cha Nyongeza cha RPG Kabla ya Kutuma Hela

Malalamiko ninayoyapokea kutoka kwa vikundi vya RPG (michezo ya mezani ambayo kila mchezaji huigiza mhusika) vya hapa Dodoma, na kutoka kwa wenzetu wa Singida na Kondoa, yanafanana sana. Kikundi kimechangishana, kitabu kimeagizwa, kimesafiri hadi Dar es Salaam, kimepanda basi au treni, kimefika. Wanakifungua kwa furaha, na ndani ya nusu saa mtu anasema: "Hii mbona tunayo tayari?"

Chanzo ni kimoja. Huku kwetu hatusimami dukani tukafunua kitabu kurasa kwa kurasa. Tunanunua kwa kuangalia jalada na maelezo ya muuzaji, na maelezo hayo hayatakwambia ni sehemu gani ilishachapwa kwingine. Kazi hiyo unabaki nayo wewe. Haihitaji utaalamu, inahitaji mpangilio tu, na mtu mmoja makini anaimaliza kwa jioni moja.

Kabla hatujaanza, tuelewane maneno. Kitabu cha nyongeza ni kile kinachoongezea kanuni za kitabu cha msingi. Fani ni kazi ya mhusika, kama mpiganaji au mchawi, na mchepuo ni tawi la fani hiyo. Kipengele ni kitu kimoja kinachojitegemea: mchepuo mmoja, uchawi mmoja, zimwi moja, kifaa kimoja. Mwongoza mchezo mnamjua: ni yule anayesimulia kisa na kuamua kanuni mezani.

## Unachohitaji

- Orodha ya vitabu vyote mlivyonavyo kama kikundi, vya karatasi na vya PDF.
- Simu yenye bando la kutosha kufungua kurasa zenye picha.
- Orodha ya yaliyomo ya kitabu mnachotaka kununua. Hatua ya 2 inaeleza utakavyoipata.
- Daftari, penseli, na kalamu tatu: kijani, bluu na nyekundu.
- Masahihisho rasmi ya vitabu mlivyonavyo. Wachapishaji wengi huyatoa bure mtandaoni.
- Kikokotoo, hata cha simu.

## Hatua ya 1: Andika mlichonacho

Chukua ukurasa mmoja wa daftari. Andika jina la kila kitabu, mwaka wake, na nani anakitunza. Usiandike kwa kukumbuka. Waombe wenzako wapige picha ya ukurasa wa hakimiliki, ule wenye maandishi madogo mwanzoni, kwa sababu ndio unaoonyesha toleo na chapa.

Sababu ya kuanzia hapa ni kwamba marudio hayapo hewani. Kipengele huwa marudio kwa yule tu ambaye anacho tayari. Kitabu kilekile kinaweza kuwa hasara kwa kikundi cha Area C na kikawa nafuu kubwa kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaoanza bila chochote.

Tahadhari: usihesabu faili lililosambazwa kwenye makundi ya simu ambalo hamjui lilitoka wapi. Mafaili hayo mara nyingi huwa yamekatwa, au yamechanganywa na kanuni zilizotungwa na mashabiki, na yatakuharibia hesabu yote.

Umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja ambao kila mwanakikundi ameuona na kuukubali.

## Hatua ya 2: Pata orodha ya yaliyomo

Duka kama DriveThruRPG mara nyingi hukuruhusu kutazama kurasa za mwanzo za PDF bila kulipa, na orodha ya yaliyomo huwa humo. Vitabu vikubwa vya D&D (mchezo wa RPG uitwao Dungeons & Dragons) vina maelezo kwenye tovuti ya mchapishaji na kwenye D&D Beyond. Ukikosa kote, tafuta mtu mwenye kitabu akupigie picha kurasa mbili tu za yaliyomo. Zinatosha.

Ukiwa hapo, soma maelezo ya muuzaji kwa jicho kali. Maneno kama "inakusanya", "imeboreshwa", "mkusanyo kamili" au "yote mahali pamoja" ni taarifa kwamba ndani kuna vitu vilivyotangulia kuchapwa. Si uongo, na mara nyingine ni habari njema. Ila namba inayofuata, iwe michepuo 30 au mazimwi 250, ni jumla ya vitu vyote. Isome kama jumla, usiisome kama idadi ya vitu vipya.

## Hatua ya 3: Tenganisha kanuni na maelezo

Kwa kutumia namba za kurasa, gawa kitabu mafungu mawili: kurasa za kanuni (michepuo, uchawi, mazimwi, vifaa, majedwali) na kurasa za maelezo (historia ya ulimwengu wa mchezo, tamaduni, miji, ushauri). Fungu la maelezo liwekee alama ya penseli.

Wengi huruka hatua hii, nayo ndiyo inayookoa vikundi vinavyopenda simulizi. Angalia kilichotokea kwa D&D. *Volo's Guide to Monsters* cha 2016 na *Mordenkainen's Tome of Foes* cha 2018 vilikuwa na sura ndefu za maelezo: maisha ya majitu, wachawi wa vinamasini, koboldi, vita vya mashetani, asili ya elfu (jamii iitwayo "elves" kwa Kiingereza) na vibete. Mwaka 2022 kikatoka *Mordenkainen Presents: Monsters of the Multiverse*, kilichokusanya kwa wingi mazimwi na jamii za wahusika kutoka vitabu hivyo viwili. Takwimu za mazimwi zilihamia, sura zile ndefu hazikuhamia.

Kwa hiyo mwenye kutaka takwimu peke yake anapata vitabu viwili ndani ya kimoja. Mwongoza mchezo anayetaka kujua jamii ya koboldi inavyoishi pangoni, ili aitungie kisa kwenye miamba ya Kolo kule Kondoa, hatakipata anachotafuta. Mkusanyo unaweza kuwa na marudio mengi na bado ukawa umepunguza kitu. Andika pembeni kilichopunguzwa.

## Hatua ya 4: Tafuta kila kipengele kilitoka wapi

Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe. Chukua fungu la kanuni, andika vipengele kimoja kimoja, na mbele ya kila kimoja andika kitabu kilimoonekana mara ya kwanza. Zipo njia nne, na zifuate kwa mpangilio huu.

Njia ya kwanza: maktaba za kanuni mtandaoni. Kwa Pathfinder, mchezo mwingine wa RPG, kuna Archives of Nethys, tovuti ya bure inayoonyesha kila kipengele pamoja na kitabu na ukurasa kilikotoka. Kwa D&D, ukitafuta jina la kipengele D&D Beyond utaona chanzo chake, na matoleo yaliyopitwa na wakati huwekewa alama. Andika jina kama lilivyo kitabuni, usilitafsiri, la sivyo hutalipata.

Njia ya pili: utangulizi. Waandishi wengi husema wazi kwenye kurasa za mwanzo kwamba sehemu fulani imetoka kitabu fulani. Watu huruka utangulizi kwa sababu hauna kanuni. Usome.

Njia ya tatu: ukurasa wa leseni. Hii ni kwa vitabu vya wachapishaji wadogo, na naipenda kuliko zote kwa sababu ni wachache wanaoijua. Kitabu kilichotolewa kwa leseni ya OGL (Open Game License), inayoruhusu wachapishaji wengine kutumia kanuni huria na iliyoanza mwaka 2000, kina maandishi ya leseni nyuma kabisa. Nenda kifungu cha 15. Leseni inamlazimu mchapishaji aorodheshe humo hakimiliki za kazi zote alizochota maudhui huria. Ukikuta mstari mmoja wa kanuni za msingi na mwingine wa kitabu chenyewe, dalili ni njema. Ukikuta majina ya vitabu kumi vya mazimwi vya wengine, ujue mazimwi mengi humo yalishazaliwa kwingine. Vitabu vya leseni nyingine huria, ORC au Creative Commons, navyo hubeba tamko la kutambua vyanzo, kwa kawaida mbele kwenye ukurasa wa hakimiliki.

Tahadhari: kifungu cha 15 kinakwambia vilikotoka, hakikwambii kiasi. Kuchota kanuni moja na kuchota sura nzima kunaandikwa vilevile, mstari mmoja. Kitumie kujua pa kutafuta, hukumu itoke kwenye ulinganisho.

Njia ya nne: kuuliza. Mtu mwenye vitabu vyote viwili atakujibu kwa dakika tano. Muulize kitu mahususi, kwa mfano "Je, mchepuo huu ulikuwa kwenye kitabu cha 2018?" Ukiuliza kama kitabu ni kizuri utapewa maoni yake.

### Mfano uliokamilika

Tuchukue *Tasha's Cauldron of Everything*, kitabu cha D&D cha Novemba 2020, kwa sababu kimechanganya kila aina.

Fani ya Artificer imo, lakini ilishatoka 2019 kwenye kitabu cha Eberron pamoja na michepuo yake mitatu: Alchemist, Artillerist na Battle Smith. Mchepuo wa nne, Armorer, ni mpya. Kwa hiyo ndani ya fani moja kuna marudio na jipya, na ukiandika "Artificer" kwenye mstari mmoja utakuwa umekosea tayari.

Order Domain na Circle of Spores vilitoka kitabu cha Ravnica cha 2018. College of Eloquence na Oath of Glory vilitoka kitabu cha Theros, ambacho nacho ni cha 2020 hiyohiyo. Bladesinging, mchepuo wa mchawi, ilitoka *Sword Coast Adventurer's Guide* cha 2015, na uchawi mdogo (cantrip) wa aina nne ukatoka humohumo: Booming Blade, Green-Flame Blade, Lightning Lure na Sword Burst.

Kikundi chenye kitabu cha msingi pekee kitaona vyote hivyo ni vipya. Chenye vitabu vya Eberron, Ravnica na Theros kitalipia mara ya pili sehemu nzuri ya michepuo yake. Kitabu ni kilekile, ila jibu limebadilika kwa sababu ukurasa wa Hatua ya 1 umebadilika.

Umefaulu hatua hii ikiwa hakuna kipengele kisicho na chanzo. Visivyopatikana viwekee alama ya kuuliza, usivipe rangi kwa kubahatisha.

## Hatua ya 5: Tofautisha marudio na marekebisho

Sasa weka rangi. Kijani ni kipengele ambacho hakijawahi kuchapwa kwenye chochote mlichonacho. Bluu ni marudio ya neno kwa neno. Nyekundu ni kilichorudi kikiwa kimebadilishwa.

Vikundi vingi vinaanguka kwenye nyekundu, kwa upande wowote. Wapo wanaoona jina lilelile wakasema "tunayo" na kupita. Wapo wanaoona neno "imeboreshwa" wakahesabu kila kitu kuwa kipya. Pande zote mbili hazijasoma. Dawa ni kuweka maandishi mawili sambamba na kusoma kwa sauti, mstari kwa mstari, mmoja akishika la zamani na mwingine jipya.

Jaribu na Booming Blade. Toleo la 2015 lina umbali wa futi 5 na linataka silaha tu. Toleo la 2020 umbali wake ni mchawi mwenyewe na duara la futi 5 kumzunguka, na silaha lazima iwe ya mapigano ya karibu yenye thamani isiyopungua sarafu 1 ya fedha. Mtu akipitisha macho ataona kitu kilekile. Lakini mchezaji anayepigana kwa upanga uliotokea kwa uchawi, usio na bei sokoni, ana kesi mpya mezani.

Bladesinging imebadilika zaidi. Zamani iliwekwa kwa ajili ya elfu na nusu-elfu, kizuizi hicho kikaondolewa. Zamani wimbo wa upanga uliimbwa mara mbili, ukarudi hata baada ya pumziko fupi. Sasa idadi inafuata bonasi ya umahiri (namba inayokua mhusika anapopanda ngazi) na inarudi baada ya pumziko refu. Ngazi ya 6, shambulio moja kati ya mawili sasa linaweza kubadilishwa kwa uchawi mdogo, jambo ambalo halikuwepo. Hiyo ni nyekundu iliyokolea. Mchezaji wa mchepuo huo ana haki ya kuitaka.

Tofauti nyingine ni ndogo: neno limenyooshwa, jedwali limehamishwa, picha imebadilishwa. Hizo rudisha kwenye bluu. Kipimo changu ni hiki: je, kuna jambo mezani ambalo leo lingeamuliwa tofauti? Kama halipo, ni marudio.

Tahadhari: kabla ya kulipia nyekundu, fungua masahihisho ya bure ya kitabu chenu cha zamani. Badiliko mnalolitaka huenda limeshatolewa bila malipo, na kazi yenu ni kulinakili kwa penseli pembeni ya ukurasa.

Mkikuta kitabu kizima kimejaa nyekundu, kuna uwezekano mchapishaji amebadilisha toleo la mchezo wenyewe. *Player's Handbook* ya 2024 ina fani 12 na michepuo 48. College of Dance na Circle of the Sea ni mipya, mingi mingine ni ya zamani iliyoandikwa upya. Pathfinder nayo ilifanya hivyo ilipotoa *Player Core* na *GM Core* Novemba 2023. Vitabu vya namna hiyo visipimwe kwa kuhesabu marudio. Swali lake ni kama kikundi kizima kinahama.

## Hatua ya 6: Piga hesabu

Jumlisha kurasa za kila rangi. Kisha punguza kijani: ondoa vipengele ambavyo hakuna mtu kwenye kikundi atavitumia. Kama hakuna anayecheza mchawi, kurasa za uchawi mpya ni mpya kwa wengine.

Tuseme kitabu chenye kurasa 192 kitawafikia Dodoma kwa shilingi 150,000, usafiri na makato ya kutuma hela yakiwa ndani. Ukigawa juujuu, kila ukurasa ni kama shilingi 781. Lakini umekuta kurasa za kijani mtakazotumia ni 48. Bei halisi ya ukurasa mpya ni shilingi 3,125.

Ongeza nyekundu. Tuseme ni kurasa 40. Mimi huzihesabu nusu, yaani 20, kwa sababu wazo mnalo tayari na mnalipia marekebisho. Sasa mna kurasa 68, na kila moja ni kama shilingi 2,206. Fungu la penseli liongeze ikiwa tu mwongoza mchezo amesema kwa kinywa chake kwamba atalitumia.

Linganisha namba hiyo na ya kitabu kingine mnachokifikiria. Peke yake haisemi mengi. Ikisimama kando ya nyingine, ubishi mwingi unaisha.

## Hatua ya 7: Amueni kwa pamoja

Kijani kikiwa kingi, nunueni. Nakala moja ya kikundi inatosha, na mwenye kuitunza aandikwe.

Kijani kikiwa kidogo ila ndicho hasa mnachokihitaji, tafuteni PDF. Usafiri unaondoka kwenye hesabu, na kurasa mnazozitumia kila wiki mnaweza kuziprinti steshenari kwa matumizi yenu wenyewe, pale leseni inaporuhusu.

Bluu ikitawala na kikundi ni kipya, msiogope neno marudio. Kitabu cha mkusanyo mara nyingi ndicho cha kuanzia, kwa sababu kinawaepusha kutafuta vitabu vitatu vilivyotangulia. Nimewashauri wanaoanza wanunue mkusanyo na kuachana na vile vya zamani, na nitaendelea kuwashauri hivyo. Bluu ikitawala na mnavyo vile vya zamani, acheni.

Na kama shida ni kwamba hamna hata kitabu cha msingi, msinunue nyongeza yoyote kwanza. Kanuni za msingi za D&D, ziitwazo SRD 5.1, zimewekwa huria kwa leseni ya Creative Commons tangu Januari 2023, na toleo la 5.2 lilifuata 2025. Chezeni kwa hizo mpaka mjue mnakosa nini.

Tahadhari: uamuzi ufanyike kabla ya michango kukusanywa. Hela zikishaingia kwa mweka hazina, watu hutafuta sababu ya kuzitumia, na hata hesabu nzuri hupindishwa.

## Hatua ya 8: Kitabu kikifika

Siku hiyohiyo, kabla mtu hajakipeleka nyumbani, kaeni na lile daftari. Kila kipengele chekundu kiamuliwe toleo linalotumika mezani kwenu, la zamani au jipya, na kiandikwe. Msiseme "tutaona". Mkisema hivyo, mtaona katikati ya pambano, mhusika wa mtu akiwa amebakiza uhai mmoja.

Mchezaji mwenye mhusika aliyejengwa kwa toleo la zamani apewe nafasi ya kumjenga upya au kumaliza naye kisa kinachoendelea. Mwongoza mchezo atangaze tarehe ya mwisho.

Kisha ongeza kitabu kipya kwenye ukurasa wa Hatua ya 1, pamoja na mwaka, chapa na jina la mtunzaji. Bandika orodha ya vipengele vyekundu ndani ya jalada lake, ili atakayekiazima ajue ni kurasa zipi zinatumika mezani kwenu na zipi zimewekwa kando.